Bwana Samaki na Kuyu Aliyemrudisha Mtoni

Kijijini kwetu tulikuwa na Bwana Shamba, tulikuwa na Bwana Mifugo, kisha tukaletewa Bwana Samaki. Wale wawili wa kwanza tuliwaelewa. Huyu wa tatu ilikuwa kazi kumwelewa, maana sisi wengi hatukuwa watu wa samaki. Tulikuwa watu wa ng'ombe na ulezi. Wazee walisema samaki ni ndugu wa nyoka, hana miguu wala sauti, na kitu kisicholia kinapouawa hakifai kuliwa na mwanamume. Mto Mara tuliuvuka, tuliunyweshea mifugo, tuliuogopa kwa mamba wake, basi. Serikali ikatuletea mtu wa kutufundisha kula kilichomo ndani.

Nimeanza kuandika habari zake mara mbili na kuchana karatasi. Mara ya kwanza alitoka mzuri kupita alivyokuwa. Mara ya pili alitoka mbaya, nadhani kwa sababu nilikuwa natafuta pa kujifichia. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Mkono wangu wa kuandika niliunyoosha kwenye kisomo cha watu wazima, ambako nilikuwa nawafundisha akina mama wenzangu herufi, na nilianza kujaza daftari ili nisisahau. Kwa hiyo anayesoma asitegemee mpangilio. Nitaandika ninavyokumbuka, na pale nisipojua nitasema sijui. Jina lake sitaliandika, wala la kijiji. Inatosha kusema kijiji kilikuwa upande wa Busawe, tulikohamishiwa wakati wa operesheni ya vijiji, na kwamba Bwana Samaki aliondolewa kwetu kwa kikao ambamo mimi nilisema neno moja na kubakiza jingine.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye magoti makubwa. Kaptula yake ya kaki ilikuwa na viraka makalioni vya rangi mbili. Kichwani alivaa kofia ya pama, na pembeni mwa kofia alichomeka wadudu wake. Ukimwona kwa mbali ungedhani nzi wamemtua na hana habari. Wale hawakuwa nzi wa kweli. Alikuwa akiwatengeneza mwenyewe, na yeye ndiye aliyewaita nzi.

Siku ya kwanza kunisemesha alisimama uani kwetu akiangalia kuku.

"Mama Ghati, huyu jogoo wako mtamchinja lini?"

"Kwani una mgeni?"

"Sina mgeni. Nataka shingo yake."

"Shingo tu?"

"Manyoya ya shingoni. Nyama kuleni nyinyi."

Jogoo alikuwa mwekundu wa kung'aa, na siku tuliyomchinja nilimpelekea manyoya kwenye kikapu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake cha serikali, akabana ndoana ndogo kwa koleo, akaizungushia uzi mweusi wa cherehani, akafunga nywele za mkia wa ndama, halafu unyoya mmoja akauzungusha mpaka ukasimama pande zote kama miguu. Alipaka nta ya nyuki, akakata uzi kwa meno. Kilichobaki kidoleni kwake kilikuwa mdudu. Nilitaka kumfukuza kwa mkono.

Mume wangu, Baba Ghati, alikuwa amesimama akitazama.

"Sasa samaki anakula nini hapo?"

"Hali kitu. Anadanganywa."

"Basi kazi yako ni uongo."

"Kazi yangu ni ya serikali," alisema bila kuinua kichwa. "Huu ni uongo wangu binafsi wa jioni."

Baba Ghati alicheka wiki nzima. Wanaume wengine hawakucheka kwa wema. Walisema mwanamume mzima anakwenda mtoni na manyoya ya kuku kama mtoto wa kike anayecheza. Lakini walikwenda kumwangalia. Na mimi nilimwangalia mara nyingi nikichota maji. Alikuwa na fimbo ya mwanzi iliyounganishwa vipande viwili kwa pete za shaba, na mshipi mnene kuliko wa wavuvi wengine. Hakuutupa kama watu wanavyotupa. Aliurusha nyuma, akaungoja unyooke hewani, akaurudisha mbele, nyuma, mbele, mpaka ule uzi ukawa unaandika juu ya maji, kisha yule nzi anashuka polepole kama aliyechoka kuruka. Kabla ya yote hayo alikuwa anakaa juu ya jiwe muda mrefu akihesabu mamba. Alikuwa na msemo: "Mtoni usiwe na haraka kuliko mwenye nyumba."

Ufundi huo aliupata ujanani, alipokuwa mbeba kikapu wa Mzungu mmoja aliyevua trauti kwenye vijito vya baridi vya milima ya Kenya. Hakuwahi kumtaja jina. Alisema tu "yule bwana". Kuna siku alisema yule bwana alikuwa mwungwana sana, na kuna siku alisema alikuwa mbwa. Nilipomuuliza ni lipi la kweli alisema, "Yote mawili, ila si siku moja."

Kuhusu samaki alisema kama watu wanavyowasema majirani. Trauti, alisema, ni mgeni aliyeletwa kutoka Ulaya, ana madoadoa, anataka maji baridi kama ya mtungi, na ana majivuno: akiona uzi, hata mwembamba kama unywele, anakupa mgongo. Ningu ni mhamaji. "Mvua ikija anapanda mto na ukoo wake wote, kama nyinyi mlivyohamia hapa. Tofauti ni kwamba yeye hakusombwa na lori." Hilo alilisema kwa sauti ndogo, akatazama nyuma. Mumi ni mlafi, hana heshima ya kuvuliwa, ukimtupia kiatu anameza. Domodomo ana mdomo mrefu kama karani wa mahakama. Sato ni mama, anabeba watoto kinywani na kukaa na njaa mpaka wakue. Kamongo hakumkubali kabisa kuwa samaki, alimwita mpangaji wa matope. Na sangara wa ziwani, ambaye siku hizo wengi tulikuwa tunamsikia tu, alimwita mheshimiwa. "Akiingia mahali, wadogo wanakwisha, na yeye anazidi kunenepa."

Aliyempenda ni kuyu. Kuyu wa Mto Mara ana magamba makubwa ya rangi ya shaba na sharubu fupi mdomoni, na anakaa pale maji yanapopiga mawe na kutoa povu. "Huyu ni Mkurya," alikuwa akisema. "Hataki kuongozwa. Ukimvuta, anakuvuta. Mkiachana, kila mtu anasema yeye ndiye aliyeshinda."

Samaki wa bahari pia aliwajua, au alisema anawajua. Siku moja nilikuwa Mugumu kwa fundi cherehani nikishonesha sare ya binti yangu. Fundi alikuwa Mwislamu wa asili ya pwani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, na ndiye aliyemuuzia Bwana Samaki nyuzi zake. Bwana Samaki akaingia, salamu, mara wakaanza.

"Yule bwana alimvua kolekole kwa nzi wa manyoya, Mtwapa kule," alisema.

Fundi akasimamisha mashine. "Kolekole kwa manyoya ya kuku? Wewe kolekole unamjua, au umemsikia kwenye redio?"

"Nilimwona akikata uzi wa yule bwana mara nne asubuhi moja. Na mwatiko pia. Mwatiko anaruka juu ya maji utadhani amekanyaga moto."

"Marehemu baba alimvua kolekole kwa dagaa. Kuku tukala sisi."

"Ndiyo maana baba yako alishiba. Yule bwana hakuwa anatafuta kushiba."

"Alikuwa anatafuta nini?"

Bwana Samaki akatafuta jibu, nikaona kabisa anatafuta. Mwisho akasema, "Nipe rili ya uzi mweusi." Fundi akanikonyeza. Mimi bahari sijaiona mpaka leo, kwa hiyo siwezi kusema nani alikuwa mkweli. Ila nimeandika kwamba hakuwa na jibu, kwa sababu baadaye swali lile lile liliulizwa mbele ya watu wengi na hapo pia hakuwa nalo.

Jambo jingine ambalo lilitushangaza: samaki aliowavua kwa nzi hakuwala. Aliwagawa kwa Wajaluo waliokuwa wakipita kwenda mnadani, au kwa akina mama wachache tulioanza kujaribu. Yeye mwenyewe alikula dagaa wa kununua, waliokaangwa na nyanya, kwa ugali wa mtama, na alikula mpaka jasho linatoka puani. Nilimwambia ana wazimu, kuacha nyama ya kuyu na kula dagaa wa gunia. Akasema, "Dagaa hatujawahi kuonana."

Ubaya wake niuseme pia. Alikuwa na hasira za ghafla. Watu waliovua kwa utupa, ile dawa ya majani inayolewesha samaki, aliwatukana hadi mama zao, na hapo alikosea, maana wengine walikuwa wazee kuliko yeye. Alituita watu wa giza. Ng'ombe aliwaogopa, jambo ambalo kwetu ni aibu, akiona ndama anakuja anahamia upande mwingine wa njia. Kwenye shamba la kijiji, siku za kulima pamoja, hakukosa barua ya kuandika. Mwenyekiti wa kijiji alimtania hadharani: "Bwana Samaki, jembe halina mwiba, lishike tu." Akashika, akalima mistari miwili iliyopinda, akaenda kuandika barua.

Lakini ni yeye aliyekaa na sisi akina mama wa kisomo siku tatu mfululizo kutufundisha kupasua mumi, kumtia chumvi na kumkausha juu ya moshi. Mwenzetu mmoja alitapika kwa harufu. Bwana Samaki hakumcheka. Akamletea maji ya kunawa, akasema, "Mimi nilitapika maziwa ya mgando ya kwenu, tumelipana." Ndipo nilipoonja samaki mara ya kwanza. Baba Ghati hakunikataza, ila alikataa chungu kile kisiingie ndani. Kwa hiyo chungu cha samaki kilikuwa na makao yake nje, chini ya ghala, na nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo: chungu kimoja ndani chenye heshima, kimoja nje kama mkosaji.

Sasa nifike kwenye lambo.

Lambo tulilichimba sote kwa majembe na karai, kwa ajili ya ng'ombe. Maji yalipojaa, Bwana Samaki alisafiri kwenda upande wa ziwa, akarudi juu ya lori na madebe yenye vifaranga vya perege, akiwa amekumbatia pampu ya baiskeli. Njia nzima alikuwa anapuliza hewa ndani ya maji, debe hadi debe, wasife. Vidole vilikuwa vimevimba. Aliwamimina polepole kila debe, akaingia mwenyewe majini mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza ng'ombe walikuwa jirani na hakukimbia.

Halafu akatuambia sharti: mvua mbili. Mvua za vuli na za masika zipite, mtu asitie wavu. Wakizaana, kijiji kitavua kila mwezi na hawataisha. Tukakubali kwa kunyoosha mikono. Jioni hiyo alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko lake, akaniambia jambo ambalo nililiandika nikiwa bado nalisikia: "Mama Ghati, yule bwana alinifundisha kutoa samaki majini. Kuwatia hakuna aliyenifundisha, hilo nimejitafutia. Wakiishi hawa, na mimi nitakuwa nimefanya kitu." Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Nadhani alijuta, kwa sababu aliondoka bila moto.

Mvua ya kwanza ikapita vizuri. Ya pili haikuja.

Huo ndio mwaka tuliokula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Ng'ombe walikonda. Na hapo ikaja habari kwamba wageni wa wilaya watapita kuona maendeleo ya vijiji. Mwenyekiti akataka kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, livutwe lamboni, wageni waone mabeseni ya samaki. Sitaki kumfanya mwenyekiti mbaya. Alikuwa na watu wenye njaa na wakubwa wa kuwaridhisha, na lambo lilikuwa likipungua maji kila siku. Bwana Samaki alikataa katakata. "Hao ni watoto," alisema. "Mkivuta sasa mtakula mara moja na hamtakula tena." Mwenyekiti akasema lambo ni la kijiji. Bwana Samaki akasema samaki wako chini ya ofisi yake, na yeye hajatoa ruhusa. Wakaachana wamenuniana, na lambo likabaki linalindwa na ukaidi wa mtu mmoja.

Siku chache baadaye, jua likiwa bado juu, nilishuka mtoni na ndoo. Mto ulikuwa umepungua, mawe yametoka nje kama mifupa. Bwana Samaki alikuwa amesimama majini, fimbo imepinda, mshipi unakata maji huku na huku. Nikaweka ndoo chini. Alivutana na samaki muda mrefu. Mwisho akamtoa kuyu mkubwa, mrefu kama mkono wangu kuanzia kwapani. Sijawahi kuona samaki wa rangi ile. Alimtazama, akambonyeza tumbo kidogo, akamtoa nzi mdomoni. Kisha akamshusha tena majini, akamshika kichwa kikielekea kule maji yanakotoka, akamyumbisha taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akafungua mikono. Kuyu akakaa kidogo, akaenda.

"Umemwachia?" nilisema. Sauti yangu ilimshtua.

Akageuka. Alinitazama kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Ana mayai, Mama Ghati. Tumbo limejaa. Ukimla huyu mmoja umekula maelfu."

Nikasema sawa. Lakini ng'ambo, kwenye ukingo wa juu, alikuwako Mzee Mwita na mitamba yake, naye alikuwa ameona. Sauti yake ilifika kijijini kabla yangu.

Kikao kikaitwa kesho yake, kwenye darasa ambalo halikuwa na paa. Mimi nilikuwa mjumbe wa akina mama na ndimi niliyeandika kumbukumbu. Mzee Mwita alisimama akiegemea fimbo.

"Mura," alimwambia Bwana Samaki, kama mzee wa kwetu anavyomwita kijana, "haya macho yangu hayajaisha. Watoto wanakula unga wa njano, na wewe mtumishi wa serikali unakamata chakula unakitupa!"

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza. Wewe unakula samaki?"

"Mimi? Nile nyoka? Mimi ni mwanamume!"

Watu wakacheka sana.

"Sasa nimekutupia nini?"

"Umenitupia nisichokula!" mzee akapiga kelele. "Hata nisichokula ni changu! Mto ni wetu sote!"

Hapo hakucheka mtu. Walipiga makofi. Na nikizungusha macho niliona kwamba wengi waliopiga makofi walikuwa wanaume ambao chungu chao cha samaki, kama walikuwa nacho, kililala nje. Lakini njaa ilikuwa ya kweli, na kumwona mtu akifungua mikono juu ya chakula ni jambo gumu. Siwezi kusema walikuwa wajinga.

Mwenyekiti akauliza, "Kama ulikuwa humtaki kwa chakula, ulimvua wa nini? Ulikuwa unatafuta nini?"

Bwana Samaki akavua kofia. Angeweza kusema habari ya mayai mwenyewe, nikawa nangoja aseme. Hakusema. Akanitazama mimi.

"Mama Ghati," mwenyekiti akasema, "wewe ulikuwapo. Alirudisha au hakurudisha?"

"Alirudisha."

"Kaa."

Nikakaa.

Neno mayai lilikuwa kinywani, limefika kwenye meno. Nimejiuliza miaka yote kwa nini halikutoka. Sababu ya kwanza niliyojipa ni kwamba sikuulizwa. Ya pili, kwamba mimi si mtaalamu, mayai sikuyaona kwa macho. Ya tatu, mwanamke anayemtetea mwanamume mgeni mbele ya wazee atasemwa, na Baba Ghati alikuwa amekaa pale. Zote tatu ni za kweli. Lakini ipo ya nne, ambayo niliichana na zile karatasi mara mbili: watoto wangu walikuwa na njaa, na nilijua akishindwa Bwana Samaki, lambo litavutwa. Nilitaka livutwe.

Ikaandikwa barua ya kumkataa, kwa mwandiko wangu. Kokoro likavutwa siku ya tatu yake. Perege walikuwa wadogo kama majani ya mchungwa. Waliwekwa kwenye mabeseni kungoja wageni, wageni wakachelewa mpaka alasiri, na walipofika mabeseni yalikuwa yananuka. Wageni wakasema vizuri, vizuri, wakapanda gari. Samaki wengi wakamwagwa shimoni. Tope la lambo likavurugika na ng'ombe wakakataa kunywa kwa muda. Lakini nitoe haki yote: akina mama kadhaa tulichukua mapema, kabla ya kunuka. Nilipika kwenye kile chungu cha nje. Watoto wangu walishiba siku hiyo, na mimi nilikula.

Bwana Samaki hakuja kutazama. Lori lilipokuja kumchukua alipakia sanduku na fimbo yake, akawaaga majirani kwa mikono. Nilikuwa shambani. Ningeweza kuwahi.

Miaka ikapita. Binti yangu aliolewa Tarime mjini, na nilipokwenda kumtazama mjukuu nilipitia stendi kutafuta gari la kurudi. Watu walikuwa wanagombea sukari kwenye duka la ushirika, foleni imekata barabara. Nikasikia nyuma yangu:

"Mama Ghati. Bado unafuga majogoo?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao nje ya duka la vipuri vya baiskeli. Magoti yalikuwa yale yale, mengine yote yalikuwa yamepungua. Kofia haikuwa na mdudu hata mmoja. Nilimwamkia. Akasema amestaafu, anangoja gari la kwenda kwa watu wake, na macho hayaoni tena tundu la ndoana.

"Kuvua bado unavua?"

"Kuona mshipi hewani siwezi. Nakwenda kukaa tu juu ya jiwe."

Nilikuwa nimejiandalia maneno haya miaka mingi na sikutaka gari lije kabla sijayatoa. Nikamwambia nikiwa nimesimama vile vile, na kikapu kichwani. Nikamwambia siku ile kikaoni nilijua yule kuyu ana mayai, aliniambia mwenyewe, na sikusema. Kwamba ningesema labda wangemwelewa, lambo lingengoja, naye asingeondolewa. Nikamwambia na ile sababu ya nne. Watu wa kwenye foleni walikuwa wanasikia. Sikujali.

Akapangusa goti kwa kiganja, mara nyingi.

"Mama Ghati, yule samaki hakuwa na mayai."

Nikadhani sikusikia.

"Alikuwa dume. Nilimbonyeza, yakatoka maji meupe. Ulipotokea niliona aibu. Nikasema ningekwambia nini, mtu mzima? Nikakudanganya." Akaniangalia kwa yale macho mabovu. "Kikaoni nilikuwa naomba useme mayai. Nakutazama, naomba. Kurudia uongo ule mwenyewe mbele ya wazee sikuweza. Nikataka utoke kwako, utoke ukiwa safi. Ulipokaa nilikuchukia mpaka Musoma. Baada ya Musoma nikashukuru kwamba uongo wangu haukupita kinywani mwako."

"Sasa kwa nini ulimrudisha?"

"Ukimpata mtu wa kunijibu hilo, nitumie barua." Akacheka kidogo, akakohoa. "Wewe ulisema kweli yote iliyokuwapo. Hukuwa na kosa."

Nilitaka kukubali. Mtu anapokupa mzigo wako ukiwa mwepesi hivyo, mkono unakwenda wenyewe kupokea. Lakini nilifikiri, na mara hiyo moja nilifikiri haraka.

"Nilikuwa nalo," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyejua ni dume. Mimi niliponyamaza nilijua ana mayai."

Utingo wa gari la Mugumu alikuwa ameanza kuita abiria.

"Basi tugawane, mama," alisema.

Akasogea mwisho wa benchi. Nikatua kikapu, nikakaa, na lile gari nikaliacha liende.